Seva iko Kariakoo, mtumiaji yuko Mikocheni, pakiti inapita London. Tatizo liko wapi hasa?

#1 Mlingoti_7
Wakuu salaam. Watoa huduma wawili, A na B, wote wana mitambo Dar es Salaam na wote wamo kwenye orodha ya wanachama wa TIX, kituo cha Dar cha mitandao kubadilishana trafiki. Mteja wa A yuko Mikocheni, seva ya mteja wa B iko Kariakoo. Traceroute (orodha ya rauta ambazo pakiti inapita, na milisekunde, ms, za kwenda na kurudi mpaka kila moja) ya leo hii hapa, majina ya kampuni nimeyatoa; “mtandao wa juu” ni ule unaomuuzia mtoa huduma njia ya kwenda duniani:

1 rauta ya ofisi: 1 ms
2 A, Dar: 4 ms
3 A, Dar: 5 ms
4 mtandao wa juu wa A, Mombasa: 13 ms
5 mtandao wa juu wa A, Marseille: 119 ms
6 mtandao wa juu wa A, London: 151 ms
7 mtandao wa juu wa B, London: 152 ms
8 B, Dar: 297 ms
9 seva: 298 ms

TIX ipo tangu 2004. Iweje pakiti ya mjini iende Ulaya? Nataka sababu za kiufundi, si lawama. Natanguliza shukrani.

#2 KambaKavu
Kuwa mwanachama wa TIX na kubadilishana trafiki na kila mwanachama ni mambo mawili tofauti. Swichi inakupa mahali pa kukutana tu. Baada ya hapo kila mtandao unapaswa kuwasha kikao cha BGP (lugha ambayo rauta huambizana njia), ama na seva ya njia inayowagawia wote njia za wenzao, ama na jirani mmoja mmoja kwa makubaliano. A akiwa na kikao na seva ya njia na B hana, hawaonani, hata kama nyaya zao zimechomekwa poti zinazofuatana.

Angalia PeeringDB, daftari la mtandaoni la mitandao inayobadilishana trafiki, uone kila mmoja ametangaza sera gani: wazi, ya kuchagua au ya masharti. Mimi dau langu liko kwenye biashara. Mkubwa hataki kumpa mdogo bure kitu anachotarajia kumuuzia.

#3 Jodari
Mimi naona msongamano. Mwanga unakwenda km 300,000 kwa sekunde. Dar mpaka London ni kama km 7,500, kwenda na kurudi ms 50. Hapo namba 6 inasoma 151. Hizo 100 za ziada ni foleni kwenye rauta za watu.

#4 Mkongo_wa_Kusi
Jodari, hiyo 300,000 ni ya ombwe. Ndani ya kioo cha faiba mwanga unashuka mpaka karibu km 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila km 1,000 zinakula ms 5 kwenda na 5 kurudi. Halafu mikongo ya baharini haikati juu ya Sahara. Inapanda pwani, inazunguka Pembe ya Afrika, inaingia Bahari ya Shamu, inavuka Misri kwa nchi kavu, inashuka Mediterania mpaka Marseille, kisha Ufaransa yote. Zinazidi km 10,000, yaani ms 100 kabla hujahesabu rauta hata moja. 151 kwa London ni namba yenye afya.

Namba ya kukodolea macho ni 298. Pakiti ikienda Dar–London–Dar, halafu jibu likarudi kwa njia ya ndani, jumla yake ni ileile 151 au 152, kwa sababu umbali wa London umelipwa mara mbili tu. Hapo watu wengi hudanganyika wakasema seva iko London. Ukiona 300 hivi, maana yake umbali huo umelipwa mara nne: ombi limezunguka Ulaya na jibu nalo limezunguka Ulaya. Kwa hiyo mna makosa mawili, la A na la B, na kila moja linaweza kuwa na chanzo chake. Traceroute inakuonyesha njia ya kwenda tu. Bila kupima kutoka upande wa B, nusu ya kesi hamjaiona.

#5 Jodari
Hesabu ya kioo naikubali, mkuu. Lakini foleni sijaifuta. Kama mmoja wao ana poti ya Gbps 1 pale TIX, ikifika saa mbili usiku imejaa pomoni, wateja wanaanza kulia video zinakwama. Njia ya haraka ya kuwanyamazisha ni kushusha kipaumbele cha njia za TIX na kusukuma trafiki kwenye mkongo wa baharini wenye nafasi. Linafanywa kama suluhisho la wiki moja, linabaki miaka. Mlingoti, pima tena alfajiri na usiku. Tumia mtr -rwzc 100 (traceroute inayorudia kipimo mara 100), siyo pingi nne.

#6 Fundi_Rauta
Kabla hamjafika kwenye biashara na foleni, angalieni urefu wa bloku za anwani: namba ya baada ya mkwaju ikiwa kubwa, bloku ni ndogo na mahususi zaidi. Hiki ndicho chanzo ninachokiona kuwa cha kawaida kuliko vyote, na hakihitaji mtu kuwa na nia mbaya.

B ana bloku ya /22. Pale TIX anaitangaza nzima, /22 moja. Kwa mitandao yake ya juu anaikata vipande vinne vya /24, kwa sababu anataka kugawa trafiki inayoingia: mbili zije kwa mkongo huu, mbili kwa ule. Sasa A anapata vyote viwili, /22 kutoka TIX na /24 kutoka London. Rauta haiulizi ipi iko karibu, ipi ya bure, wala local-preference (kipaumbele unachoipa njia) ni ngapi. Kipaumbele cha BGP hulinganisha njia za bloku ileile tu. /22 na /24 ni bloku tofauti, na kwenye kupeleka pakiti iliyo mahususi zaidi hushinda daima. A anaweza kuweka local-preference 5000 kwa TIX na bado pakiti itapanda kwenda London.

Dawa iko kwa B, siyo kwa A: kila kipande unachokitangaza kwa mtandao wa juu kitangaze pia TIX. Usisahau RPKI, mfumo wa kuthibitisha nani anaruhusiwa kutangaza bloku ipi. Kama ROA yake (cheti cha ruhusa hiyo) inaruhusu /22 tu, zile /24 zitahesabika batili, na seva ya njia inayokagua itazitupa. Atengeneze ROA kwa kila bloku anayoitangaza kweli, pamoja na vitu vya route kwenye IRR (sajili ya njia) ya AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika, maana seva nyingi za njia hutengeneza vichujio kutokana navyo.

#7 KambaKavu
Fundi, nadharia yako ina sharti hukulitaja. Inafanya kazi iwapo A anapokea jedwali zima la njia za dunia kutoka mtandao wake wa juu. Watoa huduma wadogo wengi wana rauta isiyo na kumbukumbu ya kubeba njia karibu milioni moja za IPv4, kwa hiyo wanachukua njia ya chaguo-msingi tu (0.0.0.0/0, yaani “usichokijua peleka huku”). Hapo /22 ya TIX ni mahususi kuliko 0.0.0.0/0 na ingeshinda bila jasho. Tuulize kwanza A anapokea nini.

#8 Fundi_Rauta
Kweli kabisa. Mlingoti, tuletee jibu hilo.

#9 Nyali_Mawimbi
Hamjambo ndugu zangu wa kusini. Huku kwetu mambo haya tuliyapitia zamani, nyinyi mlikuwa bado mnauliza intaneti inauzwa kilo ngapi. KIXP, kituo chetu cha Kenya, ilianza 2002, na kabla yake barua pepe ya jirani kwa jirani Nairobi ilipanda setilaiti na kushuka Marekani.

#10 Mkongo_wa_Kusi
Mtani, ukijisifu jisifu kwa tarehe sahihi. KIXP iliwashwa mara ya kwanza Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya wiki kama mbili mdhibiti, CCK, akaifunga. Watoa huduma chini ya TESPOK, chama chao, wakapigana kwa hoja karibu mwaka mzima kwamba swichi ya kuunganisha mitandao ya ndani haisafirishi chochote nje ya nchi. Leseni ikatoka, na 2002 ndiyo ikafunguliwa upya.

Somo la kiufundi la wakati ule ni kubwa. Setilaiti ya mzingo wa juu iko km 35,786 kutoka ardhini. Kupanda, kushuka, jibu kupanda na kushuka ni karibu ms 500 za fizikia peke yake, na kwa kuzunguka mara mbili ni karibu 1,000. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ya 2009 na EASSy ya 2010 iliondoa maumivu hayo, na pengine ndiyo maana uzembe wa njia ukavumilika. Mtu haoni tena kuzunguka kwa ms 300 kuwa ni dharura.

#11 Nyali_Mawimbi
Tarehe nimeichukua. Lakini faida hamtanipokonya. Utafiti wa Internet Society wa 2012 ulikuta KIXP ikibadilisha zaidi ya Gbps 1 wakati wa kilele, na ucheleweshaji ukishuka kutoka ms 200–600 mpaka 2–10. Ripoti yao ya 2020 ikasema kilele kimefika Gbps 19, na trafiki ya Kenya inayohudumiwa ndani imepanda kutoka asilimia 30 hadi kama 70. Kilichovuta hasa ni kache (seva zenye nakala) za kampuni kubwa za maudhui kuja kukaa Nairobi na Mombasa. Swichi bila maudhui ni soko lisilo na bidhaa.

#12 Zizi_la_Data
Hapo Nyali umegusa penyewe. Traceroute ya Mlingoti ni ya seva iliyo Dar kweli. Tovuti nyingi za .co.tz na .co.ke zimekaa kwenye seva za Ujerumani au Marekani kwa sababu ya bei. Ungana TIX mara kumi, mgeni wa tovuti hizo ataenda Ulaya tu.

La pili ni DNS, mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mtandao wa maudhui unaotumia majina hukuchagulia kache kwa kuangalia anwani ya seva ya DNS iliyouliza. Mtoa huduma akielekeza wateja kwenye DNS ya nje isiyopeleka sehemu ya anwani ya mteja, jibu linakuja la kache ya Ulaya wakati kache ya mjini imelala. Weka DNS ya kwenu, ndani ya mtandao wenu, kwenye anwani zenu zinazotangazwa kwa kache.

La tatu, mikongo ikikatika. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja na Tanzania iliumia vibaya. Trafiki ya Mikocheni–Kariakoo inayopita swichi ya mjini haiguswi na tukio la namna hiyo. Lakini kama seva iko Dar na nameserver zake zote (seva za DNS zinazojibia jina lake) ziko ng'ambo, rekodi ikishaisha muda kwenye kache ya DNS tovuti inapotea huku mashine inawaka. Angalau nameserver moja iwe ndani ya nchi.

#13 ZiwaKivu
Jambo sana wapendwa. Huku Goma tuko na hali ingine. Trafiki yetu inatoka mashariki, kupitia Rwanda ao Uganda mpaka pwani ya Mombasa na Dar. Kinshasa inatoka magharibi, Muanda, kwenye mkongo wa WACS. Pande mbili za inchi moja zinakutana Ulaya. KINIX iko Kinshasa tangu 2012, LUBIX iko Lubumbashi, na Goma kuna GOMIX. Kila moja inasaidia mji wake, lakini swichi haina miguu. Bila faiba ya ndani ya bei nafuu kati ya miji, piringi (kubadilishana trafiki moja kwa moja) ya Goma na Kinshasa itabaki maneno.

#14 KambaKavu
Asante Ziwa. Hata Tanzania hoja hiyo ipo. Arusha ilipata AIXP yake mapema, na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ikasukuma vituo vingine Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Mitandao midogo ya mikoani inanunua transiti (njia ya kwenda duniani) Dar na kuvuta kila kitu kule. Majirani wawili wa Mwanza wakikutania Dar wanalipia zaidi ya km 1,000 za mkongo wa taifa kwenda na nyingine kurudi. Siyo London, lakini ni ugonjwa uleule.

#15 Daftari_la_Hesabu
Naona mnazungumzia ms tu, pesa hamjaigusa. Transiti hulipwa kwa asilimia 95: mita inasoma kila dakika 5, mwisho wa mwezi asilimia 5 ya juu inafutwa, ambayo ni saa 36 katika mwezi wa siku 30, na kilichobaki juu ndicho bili. Chukua bei ya mfano, dola 5 kwa Mbps. A na B wakipelekeana Mbps 400 saa za kilele kupitia London, A analipa dola 2,000 na B naye 2,000 kwa pakiti zilezile, maana mmoja anazitoa na mwingine anazipokea.

Upande wa pili wa daftari: poti ya IXP (kituo cha kubadilishana trafiki), waya wa ndani ya kituo, faiba ya kufika kituoni, na rauta. Mtandao wenye Mbps 20 za trafiki ya ndani huenda usirudishe gharama hizo kwa transiti peke yake. Kwa hiyo wadogo wasioungana tusiwaite wazembe kabla ya kupiga hesabu yao.

#16 Fundi_Rauta
Daftari yuko sahihi, ila mdogo huyo anaungana kwa sababu ya kache zilizopo kituoni, siyo kwa sababu ya jirani. Kwa wanaotaka kuungana na kuepuka makosa ya siku ya kwanza:

Unahitaji namba ya AS (utambulisho wa mtandao wako kwenye BGP) na angalau /24 ya IPv4 yako, pamoja na /48 ya IPv6, anwani za kizazi kipya. Vyote vinatoka AFRINIC. Chini ya /24 dunia haikusikilizi. Kwa 10G tumia moduli ya LR ya nm 1310, faiba ya singo-modi, viunganishi vya LC. Kabla ya kulaumu BGP soma mwanga: LR hutoa kati ya −8.2 na +0.5 dBm, na mpokeaji huanza kukata tamaa kwenye −14.4. Ukisoma −30 hakuna mwanga unaofika, na mara nyingi ni TX na RX (kutuma na kupokea) zimechomekwa kinyume. Geuza.

Kwenye poti zima proxy-ARP, spanning tree, CDP na LLDP. Vituo vingi huruhusu anwani moja tu ya MAC. Ukichomeka swichi yako katikati ikaanza kupiga kelele, poti inafungwa. Proxy-ARP ndiyo hatari kubwa, kwa sababu rauta yako itajibu kwa niaba ya wengine na kunyonya trafiki ya kituo kizima.

Seva ya njia haiweki AS yake kwenye njia. Rauta za Cisco hukataa tangazo la namna hiyo mpaka uandike no bgp enforce-first-as. Watu wanashinda siku nzima hawapati njia hata moja. Local-preference iwe juu ya transiti, mfano 200 dhidi ya 100, na wateja wako juu zaidi ya zote mbili. Tangaza bloku zako na za wateja wako tu. Usimpe mtu njia ulizopata kwa transiti. Weka kikomo cha idadi ya njia kwa kila jirani, na kikomo hicho kiwe na muda wa kujiwasha tena. Jirani akikata bloku zake akavuka kikomo, kikao kinakufa, trafiki inahamia London kimyakimya, na hakuna anayepiga simu kwa sababu kurasa bado zinafunguka.

Na uRPF kali (ukaguzi kwamba pakiti imeingia kwa njia ileile ambayo ungemjibu mtumaji) usiiweke kwenye poti ya IXP. Njia zikiwa tofauti kwenda na kurudi itatupa pakiti halali. Tumia ile legevu.

#17 Jodari
Hicho kikao kilichokufa kwa kikomo nakiongeza kwenye orodha ya washukiwa.

#18 Mlingoti_7
Nimerudi wakuu, shukrani kwa wote. Matokeo:

Alfajiri 296, usiku 301. Upotevu wa pakiti sifuri. A anapokea jedwali zima kutoka mtandao mmoja wa juu na chaguo-msingi kutoka wa pili. Kwenye kioo cha njia (looking glass, ukurasa wa kutazama njia) cha mtandao wa juu, B anaonekana na /24 nne. Kwenye TIX anaonekana na /22. Kwa hiyo kwenda, Fundi amepata. Lakini kurudi: A anatangaza /24 zilezile kila mahali, na B bado anarudisha kupitia London.

#19 Fundi_Rauta
B huenda hapokei njia za A kabisa. Kichujio chake kinaweza kuwa cha zamani, A akapata bloku mpya kichujio kisisasishwe.

#20 KambaKavu
Au anazipokea na amezishusha kwa makusudi. Alfajiri 296 inaua hoja ya foleni ya papo hapo, siyo hoja ya sera.

#21 Jodari
Haiui hoja ya foleni ya zamani. Nilisema #5, sera iliyowekwa kwa ajili ya poti iliyojaa hubaki hata poti ikipanuliwa.

#22 Nyali_Mawimbi
Mlingoti, jaribu IPv6 kwa seva hiyohiyo.

#23 Mlingoti_7
Nyali, IPv6: ms 3, inapita TIX kwenda na, kwa namba hiyo, kurudi pia.

#24 Fundi_Rauta
Basi poti inafanya kazi, mwanga uko sawa, na watu hawa wanabadilishana trafiki tayari. Ni vichujio vya IPv4.

#25 KambaKavu
Sikubali haraka hivyo. IPv6 haina mtu wa kuuziwa kwa sasa, ndiyo maana inaachiwa. Sera ya IPv4 inaweza kuwa tofauti kabisa kwenye rauta ileile.

#26 Mkongo_wa_Kusi
Njia ya kutenganisha madai yenu ipo. B atoe orodha ya njia alizopokea kutoka seva ya njia kabla ya kichujio na baada yake. /24 za A zisipokuwepo kabla, tatizo ni usajili wa IRR au ROA ya A. Zikiwepo kabla na kukosekana baada, ni kichujio cha B. Zikiwepo baada lakini na local-preference chini ya transiti, mtu ameandika hivyo kwa mkono wake.

#27 Mlingoti_7
Nimeipeleka kama ilivyo kwa dawati la B. Wakijibu naleta hapa.